Pigo la Tatu

Zombi wa Minecraft ana pointi 20 za uhai. Upanga wa almasi, ukipigwa kwa nguvu yake kamili, unamtoa pointi 7. Hapo hesabu ni ya darasa la pili: mapigo matatu, amekwisha. Sasa mchukue mchezaji aliyehangaika hadi upanga wake ukapata Sharpness ya daraja la tano, zindiko ambalo wachezaji tisa kati ya kumi watakuapia kwamba ndilo bora. Upanga huo sasa unapiga pointi 10. Mara mbili ni 20, kwa hiyo zombi alipaswa kuanguka kwa pigo la pili. Haanguki. Ngozi yake mchezo unaihesabu kuwa deraya nyepesi ya pointi 2, na deraya hiyo inapunguza kila pigo kwa asilimia 1.6. Pigo la kwanza linamtoa 9.84, la pili 9.84, na zombi anabaki na 0.32 ya uhai, mikono mbele, anakuja. Unampiga la tatu, kama ambavyo ungempiga la tatu kwa upanga usio na zindiko lolote.

Nimeanza na zombi huyu kwa sababu anavuruga namna tunavyozoea kuchagua. Mchezaji akiona mazindiko mawili, anatazama lipi linaongeza namba kubwa zaidi. Lakini adui hafi kwa namba, anakufa kwa pigo, na pigo halina nusu. Zindiko linaloongeza pointi 3 bila kukupunguzia hata pigo moja, mbele ya adui huyo halijakupa kitu. Na zindiko linaloongeza nusu pointi tu linaweza kukuokoa, kama nusu hiyo ndiyo iliyokuwa inapungua.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo, maneno machache. Minecraft ilianza kuonekana hadharani Mei 2009, kazi ya Msweden Markus Persson, na toleo lake kamili likatoka Novemba 2011. Ni ulimwengu wa bloku: unachimba, unajenga, unalima, na usiku ukiingia viumbe vinatoka kukutafuta. Hakuna njia moja ya kupita wala hakuna anayekuambia ufanye nini. Microsoft waliinunua kampuni yake, Mojang, mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5, na kufikia 2023 nakala zaidi ya milioni 300 zilikuwa zimeuzwa. Shirika la UN-Habitat, lenye makao makuu Nairobi, limekuwa likiutumia mchezo huu tangu 2012 kuwashirikisha wakazi wa miji katika kupanga viwanja na maeneo ya wazi, Kibera ikiwa miongoni mwa maeneo ya kwanza. Huko hakuna aliyehitaji upanga. Sisi tutauhitaji.

Mazindiko, yaani nguvu za kichawi zinazotiwa kwenye silaha na vifaa, yaliingia mchezoni na toleo lile la 2011. Kwa upanga, uamuzi mkubwa ni mmoja, kwa sababu mchezo wenyewe unakulazimisha: Sharpness, Smite na Bane of Arthropods hayakai pamoja. Ukichukua moja umeyaacha mawili. Sharpness inaongeza madhara dhidi ya kila kiumbe. Smite inaongeza dhidi ya wafu wanaotembea tu: mazombi, viunzi vya mifupa, Wither (adui mkubwa ambaye mchezaji humwita mwenyewe) na jamaa zao. Bane of Arthropods ni ya buibui na wadudu. Katika toleo la Java, linalochezwa kwenye kompyuta, Sharpness inatoa pointi 1 kwa daraja la kwanza na nusu pointi kwa kila daraja linalofuata, yaani 3 ukifika la tano. Yale mengine mawili yanatoa 2.5 kwa kila daraja, yaani 12.5 kwa la tano. Ukisoma hivyo tu utadhani Smite ni mara nne ya Sharpness, na utakuwa umerudi kwenye kosa lilelile la kuhesabu pointi. Tuhesabu mapigo.

Upanga wa almasi wenye Smite ya kwanza unapiga 9.5. Zombi bado anataka matatu. Smite ya pili inapiga 12, na sasa mapigo mawili yanatosha. Ya tatu ni mawili. Ya nne ni mawili. Ya tano inafika 19.5, na zombi mwenye 20 anapona pigo la kwanza kwa kibaba cha uhai, ni mawili vilevile. Kwa upanga wa almasi, basi, Smite ya pili na Smite ya tano ni kitu kimoja mbele ya zombi wa kawaida. Aliyepanda kutoka la pili hadi la tano kwa leveli za uzoefu na vitabu vya mazindiko amelipia pointi 7.5 zisizomuua mtu. Lakini ukiubadilisha upanga huohuo kuwa wa netheriti, madini yanayoizidi almasi, ambao kwa asili unapiga 8 badala ya 7, Smite ya tano inafika 20.5. Hata baada ya deraya ya zombi inabaki 20.17. Pigo moja, kwa zombi na kwa kiunzi pia. Pointi hiyo moja ya netheriti, inayoonekana si kitu ukilinganisha panga mbili, ndiyo inayozifanya zile pointi 12.5 ziwe na maana.

Na kabla hujaenda kutafuta netheriti, ruka. Pigo linalotolewa ukiwa unashuka kutoka kwenye mruko linazidishwa kwa moja na nusu, ingawa kinachozidishwa ni nguvu ya upanga wenyewe, si ile iliyoongezwa na zindiko. Almasi ya 7 inakuwa 10.5, ukiongeza Smite ya tano unapata 23, zombi ameanguka. Sasa rudi kwa yule aliyehangaikia Sharpness. Upanga wa almasi mtupu, kwa mapigo mawili ya kuruka, unamtoa zombi pointi 20.66. Amekufa kwa mawili. Kwa maneno mengine, mtoto aliyejifunza kuruka kwa wakati amepata bure kile ambacho mwenzake hakukipata kwa zindiko la daraja la juu akiwa amesimama.

Hapa watetezi wa Sharpness watanyanyua mikono, na wana haki, kwa sababu mpaka sasa nimewaonyesha zombi tu. Tumlete kripa. Huyu ni kiumbe wa kijani asiye na mikono, anayekuja kimya na kulipuka, na pengine ndiye aliyebomoa nyumba nyingi kuliko adui mwingine yeyote mchezoni. Ana pointi 20, hana deraya, na si mfu, kwa hiyo Smite kwake ni pambo. Akikusogelea ndani ya bloku tatu huanza kufukuta, na sekunde moja na nusu baadaye analipuka. Upanga nao, tangu mabadiliko ya mapigano ya 2016, unahitaji sekunde 0.625 kurudisha nguvu yake kamili baada ya kila pigo. Kwa hiyo kutoka pigo la kwanza hadi la tatu zinapita sekunde 1.25. Umebakiwa na robo sekunde, na hapo tumekubali kwamba ulianza kupiga papo hapo alipoanza kufukuta, jambo ambalo halitokei ukiwa unachimba umempa mgongo. Mapigo mawili yanakula sekunde 0.625 tu. Ni kweli kwamba kila pigo linamsukuma nyuma kidogo, na akisukumwa mbali anaacha kufukuta, lakini ndani ya handaki lenye upana wa bloku moja utamsukuma wapi?

Na ni nani anayemuua kripa kwa mawili? Upanga wa almasi wenye Sharpness ya tano, 10 na 10, sawasawa kabisa. Sharpness ya nne inapiga 9.5, jumla 19, na kripa anabaki na pointi moja ya kukulipukia. Nusu pointi kati ya la nne na la tano ndiyo tofauti ya mapigo matatu na mawili. Enderman, yule mrefu mweusi mwenye pointi 40, anasimulia hivyohivyo: mapigo sita kwa almasi tupu, matano kwa Sharpness ya nne, manne kwa ya tano.

Kwa hiyo swali la lipi bora halijibiki mpaka useme unaishi wapi. Aliyejenga karibu na tundu linalozaa mazombi, au anayejiandaa kumwita Wither, achukue Smite bila kusita. Wither ana pointi 300 na ni mfu. Kwa almasi yenye Smite ya tano utampiga karibu nusu ya mara ambazo ungempiga kwa Sharpness ya tano. Anayekwenda End, ulimwengu wa mwisho wa mchezo, kumkabili joka hana mfu hata mmoja wa kukutana naye huko, ni Enderman kila upande, kwa hiyo Smite aiache sandukuni. Nether, ulimwengu wa moto, imechanganyika: viunzi vyeusi vya Wither ni wafu, blaze na ghasti si wafu. Bane of Arthropods inadharauliwa na kila mtu na mara nyingi kwa haki, lakini ukivunja ukuta wa mgodi wa kale ukakuta buibui wadogo wa sumu wanamiminika, wenye pointi 12 kila mmoja, Bane ya daraja la pili tu inawaua kwa pigo moja, na Sharpness ya tano haiwezi. Halafu unatoka mgodini na upanga ambao adui wake mwingine mashuhuri ni nyuki. Hapana. Panga mbili, moja ya Sharpness na moja ya Smite, zinamtosha mtu mzima.

Anayecheza kwenye simu au Xbox anacheza toleo la Bedrock, na huko hesabu zangu zote zinabadilika. Sharpness ya Bedrock inatoa 1.25 kwa kila daraja, 6.25 kwa la tano, na upanga hausubiri kurudisha nguvu. Huko kuitetea Sharpness ni rahisi. Java nayo ilikuwa na kiwango hichohicho mpaka 2016. Sifa ya Sharpness kwamba haina mpinzani ilijengwa enzi zile, kisha namba zikashushwa na sifa ikabaki imesimama palepale. Wachezaji wanairithi kutoka kwa kaka zao bila kuuliza ilipimwa lini.

Tatizo ni kwamba hata ukishajua unachokitaka, meza ya mazindiko haikuuzii unachokitaka. Inakupa bahati. Meza yenyewe ni obsidiani nne, almasi mbili na kitabu. Ili ifikie nguvu yake ya mwisho inataka rafu 15 za vitabu zikiizunguka kwa nafasi ya bloku moja, nazo zinakula vitabu 45, yaani ngozi 45 na miwa 135 ya kutengenezea karatasi. Wanaoanza mchezo kwa kuchinja ng'ombe wote wa jirani hujuta wakifika hapa. Unahitaji uwe na leveli 30, ambazo kutoka sifuri ni pointi 1,395 za uzoefu, na zombi mmoja anatoa 5. Habari njema ni kwamba tangu 2014 meza inachukua leveli 3 tu na lapisi 3 kwa chaguo lake la juu. Zamani ilizimeza leveli zote 30. Kurudi kutoka 27 hadi 30 ni pointi 306.

Juu ya meza utaona maandishi yanayofanana na hati za kale, na wapo waliokaa usiku wakiyafumbua wakidhani yanataja zindiko litakalotoka. Ni alfabeti iliyobuniwa na Tom Hall kwa ajili ya mchezo wa Commander Keen wa 1990, na maneno yanayoandikwa nayo yanaokotwa ovyo. Hayana uhusiano wowote na utakachopata. Kinachosema kweli ni kile kidokezo unachokiona ukiweka kielekezi juu ya chaguo: kinataja zindiko moja la hakika kati ya yatakayotoka. Ukiona Bane na huitaki, kufunga meza na kuifungua tena hakusaidii, chaguo zinabaki zilezile. Chukua kitabu kitupu, kizindike kwa leveli moja, zitabadilika.

Na meza hiyo, hata ikiwa na rafu zote, haiwezi kuupa upanga wa almasi Sharpness ya tano. Hesabu ya ndani ya mchezo inaipa kila aina ya madini uwezo wake wa kupokea mazindiko, na uwezo wa almasi ni 10, haufiki. Netheriti ina 15, nayo haifiki. Dhahabu ina 22 na inafika, ila upanga wa dhahabu unavunjika baada ya matumizi 32, wakati wa almasi unadumu 1,561. Kwa hiyo ile Sharpness ya tano inayomuua kripa kwa mawili haiokotwi mezani. Inatengenezwa kwenye fuawe kwa kuunganisha mbili za nne, au inanunuliwa kwa mkutubi kijijini. Huyo mkutubi ndiye mlango wa wenye subira: kabla hujafanya naye biashara ya kwanza, vunja kinara chake cha kusomea, kiweke tena, naye atabadilisha kitabu anachouza. Rudia mpaka alete unachotaka. Ni kazi ya kuchosha, na inashinda bahati ya meza mara nyingi. Mending, zindiko linaloukarabati upanga kwa uzoefu unaoukusanya, halitoki kabisa mezani. Mkutubi ndiye njia ya uhakika.

Mazindiko yanayobaki hayagombani, kwa hiyo mtu hudhani ayachukue yote. Looting ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, na haiongezi hata chembe ya madhara. Kiunzi cha Wither huangusha fuvu lake kwa nafasi ya asilimia 2.5, kwa Looting ya tatu ni 5.5. Mafuvu matatu yanahitajika kumwita Wither. Kwa wastani hiyo ni tofauti ya kuua viunzi 120 au kuua 55, kwenye ngome za Nether ambako kila kimoja kinakuachia sumu inayonyausha mioyo yako. Hakuna Sharpness inayookoa mapigo mengi kiasi hicho.

Fire Aspect inawasha moto adui. Yule zombi wetu aliyebaki na 0.32 anaungulia hapohapo, pigo la tatu halina haja tena. Na ng'ombe aliyekufa akiwaka anaangusha nyama iliyokwisha kuiva. Lakini zombi anayewaka anaweza kukuwasha na wewe akikugusa, na sehemu kubwa ya wakazi wa Nether moto ndio maji yao. Knockback sioni kwa nini watu wanaitaka. Inamrusha adui mbali, nawe inabidi umfuate, na kiunzi mwenye upinde ukimrusha mbali umemrudishia umbali anaoutaka yeye. Ina faida mahali pamoja tu, ukingoni mwa shimo. Sweeping Edge, ya Java peke yake, inasambaza hadi robo tatu ya nguvu ya pigo kwa walio pembeni ya uliyempiga. Ni nzuri sana umezingirwa na mazombi. Ni balaa ukiwa kati ya mazombi-nguruwe wa Nether, ambao hawana neno na mtu mpaka mmoja wao aguswe.

Kwenye pinde mchezo unarudia hila yake ya kukulazimisha: Infinity, inayokupa mishale isiyokwisha ilimradi unao mmoja, haikai na Mending. Upinde wa Mending utadumu na utatafuta mishale. Wa Infinity hautafuti mishale na siku moja utavunjika. Mwenye shamba la viunzi ana mishale hadi ya kumwaga, achukue Mending. Rungu lililoingia 2024 limegeuza kila kitu: nguvu yake inatokana na umbali ulioanguka kabla ya kupiga, na Density ya tano inaongeza pointi 2.5 kwa kila bloku. Ukishuka bloku kumi umeongeza 25. Mwenye rungu hahesabu mapigo, anahesabu urefu wa mti aliopanda.

Tumalizie kwenye fuawe, maana wengi huchagua vizuri na kuharibia hapo. Kila kitu kinapopita kwenye fuawe kinabeba adhabu inayoongezeka: leveli 1, 3, 7, 15, 31, na kazi inayofika leveli 40 mchezo unaikataa kwa kusema ni ghali mno. Sema umenunua vitabu sita kwa ajili ya upanga mmoja wa Java: Sharpness ya tano, Looting ya tatu, Sweeping Edge ya tatu, Fire Aspect ya pili, Unbreaking ya tatu na Mending. Ukivitia kimoja kimoja, adhabu peke yake ni leveli 57, na mazindiko yenyewe 26, jumla 83. Cha saba hakitaingia kabisa, kwa sababu adhabu yake ni 63. Sasa viunganishe kwanza viwili viwili: Mending juu ya Sharpness, Unbreaking juu ya Looting, Fire Aspect juu ya Sweeping Edge. Hiyo ni leveli 9. Kisha tia vile vitatu kwenye upanga: 39. Jumla ni 48, na leveli 35 zilizobaki unazo mkononi. Upanga ni uleule. Na kama ni wa almasi, usianguke nao kwenye lava kabla hujaupandisha kuwa netheriti. Wa netheriti utaukuta unaelea juu ya moto.